Mama wa Mfereji na Baba wa Kuazima

Alikuwa anatuamsha na fimbo. Kabla jogoo wa Majengo hawajakohoa, tulimsikia akigonga mitungi mmoja baada ya mwingine, kama daktari anayegonga kifua cha mgonjwa. Mtungi uliopasuka hulia tofauti na mzima, na yeye hakutaka maji yamwagike kwenye foleni yake. Akisikia mlio mbaya alisema, "Huu uko mgonjwa, upelekeni ukazibwe." Mwenye mtungi akijifanya hajasikia, fimbo ilitoka kwa mtungi ikaenda kwa mguu.

Hapa Embu mjini, upande wetu wa Majengo, watu wote walimwita Mama wa Mfereji. Alikuwa na jina la ubatizo kama kila mtu, lakini ukimwita kwa hilo alichelewa kugeuka, kwa hivyo nami naliacha. Mfereji, yaani bomba la maji, ulikuwa mmoja kwa ploti nyingi, nao ulifungwa kwa kufuli. Ufunguo alikuwa nao yeye, umefungwa kwa kamba shingoni, chini ya nguo, pamoja na msalaba. Kanisani akipiga magoti, hivyo vyuma viwili viligongana, na mhubiri alikuwa amezoea kungoja kidogo kabla ya kuendelea.

Mimi si mtu wa kusifu watu. Mtu akisifiwa anaharibika kama uji uliotiwa sukari nyingi. Lakini huyu mama ndiye aliyefanya msichana wangu Kendi aolewe kutoka mlango wangu mwenyewe, wakati ndugu za marehemu mume wangu walikuwa wameapa kwamba hatatoka hapo. Nimelisema hilo mapema ili msome mkijua ninakoenda. Hayo mengine ni ya kuwaonyesha alivyokuwa.

Ploti yetu ilikuwa vyumba vya mabati vinavyotazamana, na katikati kamba za nguo. Ukianza kuhesabu wanaume wenye nyumba humo ndani, ungemaliza kabla ya kuanza. Kulikuwa na wajane kama mimi. Kulikuwa na wale ambao mume alienda Nairobi kutafuta kazi, akapata kazi na mke. Kulikuwa na wale ambao hawakuolewa kabisa na hawakutaka kuulizwa. Kila mmoja alikuwa na jiko lake, watoto wake na kufuli lake, na asubuhi kila mmoja alitoka kwenda kutafuta: huyu anafua nguo za watu, huyu anauza ndizi sokoni, huyu anachuma kahawa ya wenyewe huko juu. Mimi nilikuwa na meza ya nyanya na vitunguu kando ya barabara. Jioni tulikutana mferejini, na hapo ndipo Mama wa Mfereji alipotutawala.

Foleni yake haikuwa na mkubwa. Mke wa karani alisimama nyuma ya muuza mkaa kama muuza mkaa alifika kwanza. Kitu kimoja tu kilipindua sheria: mwanamume akija na mtungi, alipishwa mbele. Wageni walidhani ni heshima. Sisi tuliojua tulikaribia ili tusikie vizuri. Maji yakiwa yanaingia, Mama wa Mfereji alimwuliza kwa sauti ya kanisani, "Baba, mama yuko aje leo? Ni mgonjwa? Amejifungua? Ama umemfanya nini hata hawezi kutoka?" Na mtungi haukujaa haraka, kwa sababu mkono wake ulikuwa juu ya koki, na aliyapunguza maji mpaka ajibiwe. Kuna fundi wa baiskeli aliyempiga mke wake Ijumaa, akaja kuchota maji Jumamosi. Tulipata habari yote kutoka mdomoni mwake mwenyewe kabla mtungi haujafika nusu. Jumapili huyo mtu alienda kanisani na mke wake, akiwa amembebea Biblia.

Msidhani alikuwa jasiri wa kila kitu. Aliogopa chura. Mama huyo aliyesimama mbele ya polisi bila kupepesa macho, akiona chura mdogo amejificha chini ya mfereji, alipanda juu ya mitungi ya watu na kuita jina la Bwana. Watoto walijua. Wakati wa mvua waliwatafuta vyura mpaka kwenye mtaro ulio nyuma ya soko, wakawaleta ndani ya mikebe. Siku hizo kila mtu alichota maji bila sheria, na yeye alitoa amri kutoka juu.

Kupika pia hakujua. Chapati zake zilikuwa ngumu kiasi kwamba mama wa chumba cha pembeni alisema angezitumia kukandamiza mabati yake wakati wa upepo. Alisikia, akacheka mpaka akakaa chini, halafu akamletea huyo mama chapati nne ili aezeke. Na muthokoi wake, yale mahindi yaliyokobolewa ambayo hata mtoto wa Mbeere hupika akiwa amesinzia, ulitoka nusu mbichi, nusu umeungua. Lakini mtoto wa mtu akilala njaa, ni kwake alienda, akala, na hakuna mtoto aliyekufa. Alikuwa anasema, "Chakula kibaya bado ni chakula. Njaa nzuri hakuna."

Pombe aliichukia kabisa. Kulikuwa na mama mmoja kwetu aliyepika chang'aa ili alipe karo, na Mama wa Mfereji alilipata lile pipa akalimwaga lote mtaroni, mchana, tukiona. Wakagombana wakaitana majina ambayo sitaandika. Hiyo hiyo wiki polisi wakaja. Mama wa Mfereji akawasimamia mlangoni, akaapa kwa ule msalaba wake kwamba ploti yote ni ya watu wa kanisa na hakuna anayejua hata harufu ya hicho kitu. Polisi walipoenda, nilimwuliza ameapaje uongo na msalaba mkononi. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa swali la mtoto. "Nimeapa kuhusu leo," akasema. "Leo hakuna. Si nilimwaga?"

Sasa nifike kwa lile koti.

Nyuma ya mlango wake, kwenye msumari, kulikuwa na koti la mwanamume. La kahawia, zito, lenye kiraka cha ngozi kwenye kiwiko. Mume wake hakuwahi kulivaa; Mama wa Mfereji alilinunua mwenyewe kwa mitumba. Kila mwisho wa mwezi alilifua, akalianika mbele kabisa, mahali anayepita barabarani ataliona. Wezi wakichungulia wanaona koti, wanajua kuna mwenyewe. Wanaume wenye maneno mengi wakipita, wanaona koti, wanapita. Huyo huyo aliyetuambia mchana kutwa kwamba nyumba ya mwanamke ni nyumba, haina kilema, ndiye aliyeanika koti la mtu ambaye hayuko. Nilimwambia siku moja kwamba mambo hayo mawili hayaingiani. Akasema, "Mimi najua nyumba yangu haina kilema. Mwizi hajui. Koti ni la mwizi."

Koti hilo lilikuwa na kazi nyingine. Wasichana wa ploti walikuwa wanakua, na msichana akikua watu wanakuja. Na kwetu huku watu hawaji kumwona msichana tu. Wanakuja wazee, na msemaji wao, na asali, na kondoo, na wanatafuta mwanamume wa kuongea naye. Akikosekana, kuna wanaoona boma halina mwenyewe na kurudi na asali yao. Mama mwingine aliyekuwa na shemeji mwema au kaka, alimwita. Wale ambao hawakuwa na mtu, Mama wa Mfereji aliwatafutia.

Aliwatafutia mmoja. Alikuwa mzee askari aliyelinda stoo ya mbao karibu na stendi, mtu mpole, mrefu, mwenye ndevu nyeupe zilizokaa vizuri. Hakuwa na mke wala mtoto, na alipenda nyama. Alivalishwa lile koti, akaketishwa kwenye kiti chenye mkono, akaambiwa aseme kidogo na kuitikia kwa kichwa. Alifanya kazi hiyo vizuri sana. Sauti yake ilikuwa nzito, na akiulizwa jambo gumu alinyamaza kwa muda mrefu, wageni wakadhani anafikiri, kumbe anangojea Mama wa Mfereji akohoe nyuma ya pazia. Kikohozi kimoja ni ndiyo, viwili ni hapana. Wasichana kadhaa waliolewa hivyo, na ndoa zao zilikuwa sawa na za watu wengine.

Sasa mjue hali yangu. Mimi ni wa Tigania, nyumba ya mume wangu iko Mikinduri. Mume alipokufa, ndugu zake walichukua miraa yote, mpaka ile iliyopandwa na mkono wangu, wakasema mwanamke aliyezaa msichana mmoja tu hana mzizi hapo. Nikashuka Embu na mtoto mgongoni. Hawakuniuliza kama Kendi alikula, kama alienda shule, kama alipona surua. Halafu miaka ikapita, Kendi akawa mwalimu wa nasari, akapata kijana wa Ishiara. Ndio sasa nikaletewa ujumbe kutoka Mikinduri: msichana aletwe nyumbani atolewe na wanaume wa boma lake. Ati ndoa haiwezi kupokewa kwa chumba cha mabati, na mwanamke. Na wakisikia nimempeana huku, watawaambia watu wa Ishiara kwamba msichana ni wa wizi.

Nilimpelekea Mama wa Mfereji maneno hayo. Sikulia, mimi silii. Nilimwambia kitu kimoja: nataka asali, ile inayofunguliwa posa ikikubaliwa, ifunguliwe ndani ya chumba changu. Isipofunguliwa hapo, basi nimelea mtoto wa watu wengine.

Akasema, "Itafunguliwa." Akaenda kutoa koti kwa msumari.

Na hapa ndipo tulipokosea, ploti nzima, wanawake wenye akili zao. Kendi alikutana na huyo kijana wapi? Kwa harusi ya msichana wa chumba cha nne. Na msichana wa chumba cha nne aliolewa wapi? Ishiara. Na bwana harusi wake ni nani? Ni binamu ya kijana wa Kendi. Tulijua haya yote. Tulikuwa tumeyaimba. Lakini tulikuwa tumezoea kuazima baba kama tunavyoazima chumvi, na anayeazima chumvi hajiulizi ni nani alionja ile ya jana.

Siku ikafika. Tulipika tangu alfajiri, na Mama wa Mfereji alikatazwa kukaribia sufuria. Chumba changu kilifagiliwa, mapazia yakaazimwa. Mzee askari aliketi kwenye kiti chenye mkono, amevaa koti, amechana ndevu. Wageni wakaingia wakiwa na kondoo dume na kibuyu kikubwa cha asali, asali ya kwao Mbeere, ile nyeusi. Msemaji wao alikuwa mzee mfupi mwenye macho ya haraka na kofia ya manyoya. Akasimama, akafungua kinywa aseme walipita hapa wakaona ua la kuchuma, na akakifunga tena.

Aliangalia koti. Akaangalia kile kiraka cha ngozi kwenye kiwiko. Halafu akapandisha macho polepole mpaka kwenye ndevu.

"Mzee," akasema, "mwaka juzi si ni wewe nilikuletea kondoo? Hapa hapa, chumba kile cha ng'ambo?"

Mzee askari akanyamaza, akingojea kikohozi. Nyuma ya pazia hakuna aliyekohoa.

"Ulitupatia msichana wa mama yule," msemaji akaendelea, na akamwonyesha mama wa chumba cha nne, ambaye wakati huo alikuwa anapita na sinia ya chai. "Leo unatupatia wa mama huyu. Mzee, una wake wangapi katika ploti hii?"

Mzee askari alikuwa mtu wa kweli. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake. Akasema kwa ile sauti nzito, "Sina hata mmoja."

Kijana wa Kendi aliangalia chini. Wazee wale wengine wakaanza kunong'ona Kimbeere. Msemaji akakichukua kibuyu, akakirudisha mikononi mwa aliyekibeba, akavaa kofia yake vizuri. Alisema hawakupanda mpaka hapa ili wachezewe, na kama baba ni wa uongo, nani atawaambia kama msichana ni wa kweli? Wakasimama. Niliona asali yangu ikielekea mlangoni.

Pazia likafunguka. Mama wa Mfereji akatoka, akapita katikati ya wageni, akasimama mlangoni. Hakuwa mkubwa wa mwili, lakini mlango ulijaa.

"Wazee, kosa ni langu," akasema. "Huyu mzee nilimwazima mimi, na koti ni langu. Niliogopa mtaona hatuna watu. Sasa kaeni kidogo muwaone watu wetu, halafu mkitaka kwenda, nitawafungulia njia mimi mwenyewe."

Hawakukaa, lakini hawakutoka pia.

Akaita kwa sauti ile ya kugonga mitungi. "Nani alimchapa Kendi alipoiba sukari dukani?"

Mama wa chumba cha nne, bado ana sinia mkononi, akasema, "Ni mimi. Na ningemchapa tena."

"Nani alimbeba mpaka hospitali akiwa na surua, mama yake akiwa sokoni?"

"Ni mimi," akasema muuza ndizi, kutoka uani.

"Nani alimnunulia viatu vya shule?"

Yule mama wa chang'aa, yule waliyeitana naye majina, akasema kwa sauti ndogo, "Ni mimi. Kabla hujamwaga."

Watu wakacheka, hata mzee mmoja wa Ishiara. Mama wa Mfereji hakucheka. Akamgeukia msemaji.

"Baba ni kazi, mzee wangu. Mwenye kazi hiyo alikufa, ndugu zake wakaikataa, tukaigawana sisi. Mmoja akabeba huku, mmoja akabeba kule, na huyu mama yake akabeba pale pazito. Kama mnataka kuongea na baba wa huyu msichana, mtaongea na ploti nzima. Kiti kimoja hakitatosha."

Yule mzee mfupi alizungusha fimbo yake. Alimgeukia Kendi, aliyekuwa ameketi na shangazi za kuazima, amefunikwa leso. Akasema afunuliwe uso. Akamwambia, "Msichana, sisi tukila asali hatuitapiki. Nikisema kibuyu hiki kifunguliwe, wewe utamwangalia nani, ndio ujue kama ni sawa?"

Mnajua desturi. Msichana humwangalia baba yake.

Kendi hakumwangalia mzee askari, wala mlango, wala kijana wake. Aliniangalia mimi. Nami nikaitikia kwa kichwa, mara moja.

Msemaji akavua kofia. "Basi tumefika," akasema, akaketi. Halafu akaongeza kwamba yule mzee wa koti asifukuzwe, kwa sababu wamekula naye nyama mara mbili na sasa ni ndugu, awe wa nani awe.

Asali ilifunguliwa chumbani mwangu. Nilipewa kijiko cha kwanza mimi. Ilikuwa tamu mpaka ikawa chungu kidogo, kama asali ya kweli inavyokuwa. Wanawake walitoka uani wakaimba, wale wa Embu na wale wa Meru, kila mtu kwa maneno yake, wakiwadhihaki wageni kwamba wamekuja kununua kuku mmoja wamekuta banda zima. Mzee askari alicheza. Mama wa Mfereji alicheza vibaya kuliko alivyopika, na alikuwa wa mwisho kuketi.

Ndugu za mume wangu walifika Jumamosi iliyofuata. Walisikia, kama walivyosema watasikia. Walitaka kujua asali yao iko wapi. Mama wa Mfereji aliwakaribisha, akawaketisha kivulini, akaenda akarudi na jagi kubwa la maji na vikombe viwili. Akawaambia maji ya hapa ni matamu sana, wanywe mpaka watosheke, kisha akasimama kando yao na fimbo mpaka wakamaliza jagi. Hawakurudi tena.

Tangu siku hiyo hatukuazima baba. Wageni wakija, tuliketi wenyewe, mstari mzima wa akina mama, na mwenye msichana katikati. Wengine walishangaa, wengine walinung'unika, lakini hakuna aliyerudi na kondoo wake. Koti likabaki la wezi.

Miaka ilienda. Mabomba yakaingia majumbani, ule mfereji ukang'olewa, na mahali pake sasa kuna duka la kuchaji simu. Yeye hakungoja kuona unang'olewa. Mtoto wake wa kiume alikuwa amejenga Kanja, kwenye kishamba cha kahawa na ndizi, akamchukua. Nilisikia anasema huko kuna baridi na watu wanaongea polepole. Nilisikia pia kwamba ameanza kupanga foleni kanisani watu wakienda kutoa sadaka.

Mara ya mwisho kukaa naye siku nzima ilikuwa msimu wa kahawa. Alinipigia kwa simu ya mjukuu, akasema nije Alhamisi, nije nimevaa vizuri, ana kazi na mimi. Nilidhani ni maombi ya mgonjwa. Nilimkuta hana ugonjwa wowote. Alikuwa amepungua mwili, meno machache, lakini amefunga kitambaa kipya kichwani na amejipaka mafuta mpaka anang'aa.

Akaniambia kuna mzee wa kanisa, jirani wa pale chini, aliyefiwa na mke siku nyingi. Amekuwa akimletea ndizi mbivu. Kwanza ndizi moja moja, halafu mkungu. Sasa anataka waunganishwe kanisani, wazeeke pamoja, na kwa kuwa ni mtu wa desturi, amekataa kumchukua bila kuleta asali.

Nikamwangalia vizuri. Nikamwambia, "Si wewe ulitufundisha nyumba ya mwanamke inasimama bila mwanamume?"

"Nimesema imeanguka?" akasema. "Imesimama. Ndiyo maana nina mahali pa kumkaribisha."

Nikamwuliza kazi yangu ni gani.

"Unikalie baba," akasema. "Wazazi wangu wako chini ya udongo, kaka sina, na huyu kijana wangu hawezi kumpeana mama yake. Wewe una uso mkali. Unafaa."

Wakaja saa nane, watu wengi, na wajukuu wa yule mzee wakiwa wamebeba kibuyu kwa zamu. Msemaji wao alikuwa kijana kidogo, mwalimu, na hakunijua. Aliingia akamwendea moja kwa moja mwana wa kiume wa Mama wa Mfereji, ambaye alikuwa anapanga vikombe, akamnyoshea mkono na kuanza, "Mzee mwenye boma." Yule mwana, mtu mwenye mvi zake tayari, akarudi nyuma. "Mimi ni mtoto tu hapa," akasema. "Baba ni yule."

Nilikuwa nimeketi kwenye kiti chenye mkono. Sikusimama. Niliwauliza wametafuta nini mbali hivi, na jua lote hili. Mwalimu akajikusanya, akasema walipita njia wakaona ua zuri katika boma hili. Nikamwuliza ni ua gani, maana hapa kuna maua ya wajukuu na kuna moja limekauka linangoja kuwa mbegu. Wakacheka, wakasema ni hilo la mbegu. Nikawaambia hilo bado changa, hatuna haraka nalo, na kusema kweli halijui kupika. Yule mzee wa watu alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili mbele ya kifua, kama kijana wa miaka ishirini. Nilimwonea huruma, lakini kidogo tu. Ruracio, siku ya kuleta mahari, si mahali pa huruma.

Nikaagiza msichana aletwe.

Aliletwa na wajukuu zake, amefunikwa leso mbili, anatembea polepole kuliko umri ulivyohitaji. Wakamfunua. Nikamwuliza kama anawajua watu hawa, na kama asali yao ifunguliwe ama irudi ilikotoka. Mama huyo, ambaye sikuwahi kumwona akiinamisha macho kwa mtu yeyote, aliangalia chini na kuchora sakafu kwa kidole cha mguu. Akasema kitu ndani ya leso.

Nikamwambia aseme kwa sauti, baba yake siku hizi hasikii vizuri.